Sabuni za kujitengenezea nyumbani: chagua kalibu isiyomdanganya mtoto

Wasomaji kadhaa wa ukurasa huu kutoka Makongeni mjini Thika, na wengine kutoka Githurai Kimbo upande wa Ruiru, wameuliza swali moja: je, ni salama kujitengenezea sabuni nyumbani, yaani vile vipande vidogo vinavyogandishwa ndani ya pakiti za maziwa, vikombe vya yogati na trei za barafu?

Jibu fupi ni ndiyo, ila kwa masharti. Sabuni iliyotengenezwa kwa vipimo sahihi na ikaachwa ikakomaa haina neno kwa ngozi ya mtu mwenye afya. Hatari iko katika siku ile ya kuitengeneza na siku mbili zinazofuata. Inatokana na mambo mawili: kemikali inayoigeuza mafuta kuwa sabuni, na chombo unachokitumia kama kalibu, yaani kile kinachoipa sabuni umbo. Sabuni mbichi iliyomwagwa kwenye kikombe cha yogati huonekana kama yogati. Mtoto wa miaka miwili hawezi kujua tofauti.

Kwa sababu hiyo ningependa leo tulitazame jambo hili hatua kwa hatua, ili ukiamua kutengeneza ujue la kufanya, na ukiamua kutotengeneza ujue ni kwa nini.

Kipande kidogo kina kazi kubwa

Eneo letu si geni kwa sabuni. Kampuni ya Bidco, inayotengeneza mafuta ya kupikia na sabuni, ina makao yake Thika. Lakini sabuni ya kiwandani kuwepo dukani hakumaanishi kwamba ipo mahali inapohitajika zaidi, nako ni mlangoni mwa choo.

Katika ploti nyingi za Ruiru na Thika, familia kumi au zaidi hutumia choo kimoja au viwili. Ukiacha hapo kipande kizima cha sabuni, hukikuti tena jioni. Matokeo yake ni kwamba hakuna anayeacha sabuni, na watoto hutoka chooni wakaenda moja kwa moja kula. Kipande kidogo cha gramu 40 au 50, kikitiwa ndani ya wavu wa kitunguu na kufungwa kando ya mtungi wa maji, si rahisi kumtamanisha mtu, na kikipotea hasara yake ni ndogo.

Faida yake imepimwa. Mwaka wa 2005 jarida la kitabibu The Lancet lilichapisha matokeo ya utafiti uliofanywa katika mitaa ya mabanda ya Karachi, nchini Pakistan. Familia zilipewa sabuni na kuhimizwa kunawa mikono. Visa vya nimonia kwa watoto wa chini ya miaka mitano vilipungua kwa nusu, vikilinganishwa na familia ambazo hazikupewa. Visa vya kuhara kwa watoto wa chini ya miaka 15 navyo vilipungua kwa zaidi ya nusu. Jambo lingine muhimu ni kwamba sabuni ya kawaida ilifanya kazi sawa na ile iliyotiwa dawa ya kuua viini. Kwa hivyo usihangaike kutafuta dawa ya kuongeza. Isitoshe, mnamo Septemba 2016 Marekani ilipiga marufuku kemikali 19 za aina hiyo katika sabuni za kunawa za matumizi ya nyumbani, ikiwemo triklosani, kwa kuwa watengenezaji hawakuthibitisha kwamba ni salama kwa muda mrefu na kwamba zinaishinda sabuni ya kawaida.

Sisi wa Kaunti ya Kiambu tuna sababu yetu ya kulikumbuka hili. Mkurupuko wa kipindupindu ulioanza Oktoba 2022 na kusambaa hadi kaunti nyingine nyingi ulianzia Limuru, kwenye sherehe ya harusi. Maji safi, choo na sabuni ndizo silaha za kwanza dhidi ya ugonjwa huo.

Wengine huuliza kama kipande kimoja kikitumiwa na watu wengi hakiwezi kusambaza viini. Mwaka wa 1988 watafiti wa Marekani walivipaka vipande vya sabuni bakteria kwa makusudi, kisha wakawapa watu 16 wanawe navyo. Hakuna aliyebaki na bakteria hao mikononi kwa kiwango cha kuonekana. Muhimu ni kwamba sabuni isikae kwenye kidimbwi cha maji. Iachwe ining'inie ikauke.

Kostiki ni nini, na hufanya nini mwilini?

Sabuni hupatikana pale mafuta yanapokutana na alkali kali. Zamani watu walitumia maji yaliyochujwa kwenye majivu ya kuni. Siku hizi hutumika kostiki soda, ambayo huuzwa kama chembechembe au vigamba vyeupe. Si magadi soda ya kuumulia mandazi, wala si magadi ya kulainishia maharagwe na githeri. Ukijaribu kutumia hizo badala yake, hutapata sabuni.

Bila kostiki hakuna sabuni ya kugandishwa. Yeyote anayekuambia kwamba yeye hutengeneza sabuni ya mafuta tangu mwanzo bila kostiki, ama hajui kilichomo, ama ananunua sabuni iliyokwisha kutengenezwa na kuiyeyusha. Vipimo vikiwa sawa, kostiki yote humalizwa na mafuta na haibaki kwenye sabuni iliyokomaa.

Shida ni kwamba kostiki haichagui mafuta. Kila chembe hai ya mwili wako imezungukwa na utando wenye mafuta. Kostiki ikigusa ngozi, jicho au koo, huanza kuugeuza utando huo kuwa sabuni na kuyeyusha nyama iliyo chini yake. Ndiyo maana mtu aliyemwagikiwa huhisi utelezi kwanza, kabla ya kuhisi moto. Asidi mara nyingi huchoma juu na kuacha gamba linaloizuia kidogo isiendelee. Kostiki huendelea kuzama.

Kwenye jicho, dakika chache zinatosha kukifanya kioo cha jicho kuwa cheupe daima. Mtoto akiimeza, umio, yaani mrija wa kupitisha chakula kutoka kinywani hadi tumboni, huungua. Majuma kadhaa baadaye kovu huanza kuuminya. Mtoto aliyeonekana kupona huanza kukataa ugali, kisha wali, kisha hata uji haupiti. Hapo huhitaji kupanuliwa umio hospitalini mara nyingi, pengine kwa miaka, na baadhi yao huishia kufanyiwa upasuaji mkubwa. Wengi wanaomeza ni wale wa kati ya mwaka mmoja na mitano, umri ambao kila kitu huenda kinywani.

Njia isiyo na kostiki

Ikiwa unaishi katika chumba kimoja na watoto wadogo, ushauri wangu ni mmoja tu: usiingize kostiki ndani ya nyumba hiyo. Kama haja yako ni vipande vidogo vya kunawia, kisu kinatosha. Nunua sabuni ya kuogea ya kawaida, ikate vipande vinne, umalize kazi.

Ikiwa unataka maumbo yako mwenyewe au unataka kuokoa mabaki ya sabuni yaliyozagaa bafuni, iyeyushe upya. Fanya hivi:

Kwaruza gramu 500 za sabuni nyeupe ya kuogea kwa kikwaruzo cha karoti. Tia kwenye bakuli pamoja na maji nusu kikombe, kisha liweke bakuli hilo ndani ya sufuria yenye maji yanayochemka polepole. Koroga mara kwa mara bila kupiga povu. Baada ya nusu saa au zaidi kidogo itakuwa nzito kama ugali laini. Itie kwenye kalibu kwa kijiko, ishindilie ili isiwe na matundu, iache siku mbili, kisha itoe na kuianika kivulini kwa wiki moja au mbili.

Sabuni hii haitakuwa laini kama ya dukani, lakini inaosha sawasawa. Hatari iliyopo ni ya joto tu, kama ya uji unaochemka. Kwa hivyo mtoto mkubwa anaweza kusaidia kukwaruza na kushindilia, mradi asikaribie jiko.

Ukiamua kutumia kostiki

Wenye uwanja, na hasa vyama vya akina mama vinavyotengeneza pamoja, wanaweza kutumia kostiki kwa usalama wakiwa na nidhamu. Chagueni siku ambayo watoto wako shuleni au kwa jirani. Fanyeni nje, upepo ukiwa mgongoni. Mtu mmoja tu ndiye ashike kostiki tangu mwanzo hadi mwisho, na awe hana mtoto mgongoni.

Vifaa ni hivi: glavu za mpira za kuoshea vyombo, nguo ya mikono mirefu, viatu vilivyofunika vidole wala si ndara, na miwani ya plastiki ya kujikinga kama ile ya mafundi wa jua kali. Ndoo iliyojaa maji safi iwe karibu kabla hata hujafungua pakiti ya kostiki. Mizani ya jikoni inayopima gramu ni ya lazima. Usipime kwa kijiko, kwa kuwa kijiko cha vigamba na kijiko cha chembechembe havina uzito sawa.

Sasa jambo linalosahaulika mara nyingi. Sufuria zetu karibu zote ni za aluminiamu, na kostiki huila aluminiamu. Mchanganyiko huchemka, hutoa hewa ya haidrojeni inayoshika moto kwa urahisi, na sufuria hutoboka. Tumia chombo cha chuma kisichoshika kutu au ndoo nene ya plastiki isiyolainika kwa maji moto. Usitumie glasi, kwani huweza kupasuka ghafla. Mwiko na vyombo vya kazi hii visirudi jikoni tena.

Kwa sabuni ya takriban vipande 15 vidogo utahitaji gramu 350 za mafuta ya kupikia ya mawese, gramu 150 za mafuta ya nazi halisi, gramu 70 za kostiki safi isiyochanganywa na kitu kingine, na gramu 180 za maji baridi. Maji ya mvua ni bora kuliko ya kisima yenye chumvi. Usitumie dawa ya kuzibua mabomba, kwa kuwa baadhi yake huchanganywa na vipande vya aluminiamu.

Mimina kostiki ndani ya maji, kidogo kidogo, huku ukikoroga. Usimimine kamwe maji juu ya kostiki, maana huchemka papo hapo na kukurukia usoni. Mchanganyiko utapata moto wenyewe, karibu na kiwango cha maji ya chai, na kutoa mvuke unaokereketa. Usiinamie chombo. Uache mahali ambapo hakuna anayeweza kuufikia, nawe usimame hapo hapo, mpaka upoe na kuwa vuguvugu.

Yeyusha mafuta, yaache nayo yawe vuguvugu. Mimina maji ya kostiki polepole ndani ya mafuta, kisha koroga bila kuacha. Kwa mwiko huchukua nusu saa hadi saa nzima. Itakuwa tayari ikiwa nzito kama uji wa mtoto, na tone likidondoka juu linaacha alama kabla ya kuzama. Hapo ndipo unapoimwaga kwenye kalibu.

Tafadhali usibadilishe aina ya mafuta bila kupiga hesabu upya. Kila mafuta yana kiasi chake cha kostiki. Gramu 100 za mafuta ya nazi huhitaji takriban gramu 18.3, za mawese gramu 14.1, za ng'ombe gramu 14, za alizeti gramu 13.4 na za avokado gramu 13.3. Ukichukua kipimo nilichokupa, ukaondoa nazi na kuweka alizeti, gramu 70 za kostiki zitakuwa zimezidi kiasi ambacho mafuta yote yanaweza kumaliza, na kinachozidi kitakuchoma. Kwa kawaida hupunguzwa kostiki kidogo, kati ya asilimia 5 na 10, ili mafuta ndiyo yabaki. Kipimo changu kimezingatia hilo.

Aidha, mafuta ya mgando ya kujipaka yatokanayo na petroli hayageuki kuwa sabuni hata uyakoroge mchana kutwa. Angalia vizuri pia chupa za mafuta ya nywele zilizoandikwa nazi. Nyingi zina mafuta ya petroli ndani yake, na ukizitumia kostiki itabaki bila kazi. Mafuta yaliyokaangia chipsi yanaweza kufaa kwa sabuni ya kufulia yakichujwa vizuri, lakini si kwa sabuni ya kuogea.

Kalibu gani zinafaa?

Kalibu nzuri ina sifa tatu. Haililiwi na kostiki, haiyeyuki kwa joto la vuguvugu, na haifanani na chombo cha chakula cha mtoto.

Kipande cha bomba la maji la plastiki, lenye upana wa sentimita tano hivi, kinanishawishi kuliko vyote. Kizibe upande mmoja kwa mfuko mzito wa plastiki na mpira wa kufungia, mwaga sabuni, na siku ya pili isukume nje na kuikata vipande vya duara kama mkate. Boksi dogo la mbao au la katoni lililotandikwa karatasi ya nailoni linafaa vilevile. Vivyo hivyo kalibu za silikoni za maumbo ya kawaida, kama mraba au yai.

Pakiti ya maziwa ya karatasi ngumu inatumika sana na haina ubaya kwa sabuni yenyewe, kwa kuwa ndani ina utando wa plastiki. Lakini ifungue kwa kuikata ubavu wote, uilaze kama mtumbwi, na uifute kabisa sura ya pakiti ya maziwa kwa kuizungushia gazeti. Usiiache imesimama mezani.

Vikombe vya yogati, mikebe ya siagi, chupa za soda zilizokatwa, vikombe vya chai na trei za barafu, mimi nakushauri uviepuke kwa sabuni mbichi ya kostiki. Mtoto amekwisha kujifunza kwamba vyombo hivyo vina chakula. Kwa sabuni ya kuyeyusha upya unaweza kuvitumia, ila viwe mbali na mtoto vilevile.

Trei za keki za aluminiamu na makopo ya bati hayafai kabisa kwa sabuni ya kostiki.

Epuka pia maumbo ya peremende, keki, matunda na dubu, hasa ukitia rangi na harufu ya stroberi. Sabuni iliyokomaa haiui, lakini humtapisha mtoto, na kipande kidogo kinaweza kumkaba koo. Kipimo rahisi ni hiki: chukua ule mrija wa katikati wa karatasi ya chooni. Kipande cha sabuni kinachopenya ndani ya mrija huo ni kidogo mno kwa nyumba yenye mtoto wa chini ya miaka mitatu.

Ukishamwaga, funika kalibu kwa kibao na leso kuukuu, kisha zifungie ndani ya sanduku lenye kufuli au chumba ambacho mtoto haingii. Kwa saa 24 hadi 48 za kwanza sabuni hiyo bado ni kostiki. Itoe kwenye kalibu ukiwa umevaa glavu. Kisha ipange juu ya rafu mahali penye hewa, vipande visigusane, kwa wiki nne hadi sita. Kipande kuwa kidogo si sababu ya kufupisha muda huo.

Kabla ya kuitumia, loweka uso wa kipande kwa tone la maji na uguse kwa karatasi ya kupimia alkali. Ikisoma kati ya 8 na 10, ni sawa. Ikizidi 11, au ukiona mabaka meupe magumu ndani au majimaji yanayotoka, usiitumie mwilini. Wapo wanaoigusa kwa ulimi. Sikushauri ufanye hivyo.

Ajali ikitokea

Kostiki ikimwagika kwenye ngozi: vua nguo iliyolowa, pangusa unga mkavu, kisha osha kwa maji mengi yanayotiririka kwa dakika 20 au zaidi. Usipake mafuta, dawa ya meno, siki wala limau. Siki inaweza kufuta kostiki sakafuni, lakini kwenye ngozi inaongeza joto na kukupotezea muda.

Ikiingia jichoni: anza kuosha papo hapo, hata kabla ya kuita msaada. Fungua kope kwa vidole na umimine maji safi kwa dakika 30, kuanzia upande wa pua kuelekea sikioni, ili maji yasiingie jicho la pili. Kisha nenda hospitali, na ikiwezekana endelea kumimina maji mkiwa njiani. Maziwa ya mama na maji ya chumvi si tiba.

Mtoto akimeza: mpanguse na kumsukutua kinywa. Usimtapishe, kwa kuwa kostiki itamchoma mara ya pili ikipanda. Usimpe siki, limau wala dawa ya kienyeji, na usimlazimishe kunywa chochote. Mkimbize Hospitali ya Thika Level 5, au hospitali iliyo karibu nawe Ruiru, pamoja na pakiti ya kostiki ili daktari aione. Nenda hata kama kinywa hakina kidonda, kwa maana umio unaweza kuungua na midomo ikabaki salama. Kutokwa na mate mengi, kukataa kumeza na kulia kwa sauti iliyokwama ni dalili mbaya.

Usihifadhi kamwe kostiki, maji ya kostiki au sabuni ya maji katika chupa ya soda au ya maji ya kunywa. Pakiti iliyobaki ifungwe ndani ya mkebe mgumu usioingiza unyevu, iandikwe SUMU, na ifungiwe mahali pa juu. Kama huna mahali hapo, nunua kiasi kitakachoisha siku hiyo hiyo.

Sabuni si dawa

Watengenezaji wengine hutia shubiri, mwarobaini, asali au avokado. Kwa kiasi kidogo havina madhara kwa wengi, lakini haviponyi ugonjwa wa ngozi. Usitie vidonge vilivyosagwa, krimu za hospitali wala dawa ya kung'arisha nguo. Na ukiletewa unga wa kuifanya sabuni ing'arishe ngozi, ukatae. Baadhi ya bidhaa za kung'arisha huwa na zebaki, na zebaki huharibu figo.

Sabuni zote za kugandishwa, za nyumbani na za dukani, huikausha ngozi kwa kiasi fulani. Mtoto mchanga hahitaji kusuguliwa kwa sabuni. Maji ya vuguvugu yanatosha kwa sehemu kubwa ya mwili. Mwenye ukurutu au ngozi inayopasuka aitumie kwenye mikono na sehemu chafu tu, kisha ajipake mafuta.

Ukitaka kuuza, fahamu kwamba sabuni ni bidhaa inayosimamiwa na Shirika la Kutathmini Ubora wa Bidhaa Nchini (KEBS), na inahitaji alama yake ya ubora. Andika kila siku ya utengenezaji katika daftari: aina ya mafuta, gramu za kostiki, tarehe ya kumwaga na tarehe ya kukomaa. Mteja akija na malalamiko ya kuwashwa, daftari hilo ndilo litakaloonyesha kosa liko wapi.

Kwa wengi wenu mnaoishi kwenye ploti, naamini njia ya kukata au kuyeyusha upya inatosha kabisa. Anza nayo wiki hii. Tengeneza vipande kumi, tafuta wavu wa kitunguu, na ufunge kimoja mlangoni mwa choo cha ploti yenu. Halafu waonyeshe watoto namna ya kunawa: baada ya kutoka chooni na kabla ya kula, mikono yote miwili, katikati ya vidole na chini ya kucha, kwa sekunde 20.